Mmea wa Kivuli Kikavu na Safari Zake

Karibu kila kiwanja kina mahali panapowashinda wenye nyumba: chini ya mwembe mkubwa, au kando ya ukuta chini ya paa, mvua isikofika. Watu hudhani shida ni kivuli tu. Sivyo. Majani ya mwembe huzuia mvua nyepesi, na ile kidogo inayofika chini hunywewa na mizizi yake. Basi mmea wa mahali hapo sharti uvumilie mambo mawili, giza na kiu. Maua mengi hayawezi kuvumilia yote mawili, hunyauka.

Uko mmea mmoja unaoyaweza, nao ni wa kwetu. Majani yake ni manene na marefu, yamesimama kama panga, yana mistari ya kijani cha giza na ya kijani cheupe-cheupe. Wengi wakiuona katika vyungu mbele ya ofisi hufikiri umetoka Ulaya. La! Asili yake ni Afrika ya Magharibi mpaka Kongo. Lakini jina lake la kitaalamu, trifasciata, lilitolewa na David Prain mwaka 1903 katika kitabu chake cha mimea ya Bengal, huko Bara Hindi, kwa maana ulikuwa umekwisha kuvuka bahari. Si haba kwa kitu kisicho na miguu.

Miaka hiyo hiyo Émile Laurent, profesa wa Gembloux katika Ubelgiji, alikuwa akizunguka Kongo akikusanya mimea. Akafa mwaka 1904, akiwa njiani kurudi kwao. Ule wenye ukingo wa manjano uliitwa laurentii kwa heshima yake, nao ukapendwa mno Ulaya, kwani nyumba nyingi za huko zina giza, na wakati wa baridi moto hukausha hewa ya ndani. Mwaka 2017 wataalamu waliutoa katika kundi la Sansevieria, wakautia katika Dracaena. Mmea wenyewe haukujali.

Nguvu yake yatoka wapi? Mimea mingi hufungua matundu madogo ya majani mchana, na jua huyanyang'anya maji. Huu huyafungua usiku, kukiwa na ubaridi, ukavuta hewa na kuiweka akiba mpaka asubuhi. Tena majani yake na shina lake la chini ya udongo huweka maji. Kwa hiyo anayeudhuru zaidi ni yule mwenye huruma anayeumwagilia kila siku: shina huoza. Mbuzi nao wasiule, una sumu kidogo.

Kipande cha jani kikichomekwa udongoni hutoa mizizi, lakini ule wa manjano ukipandwa hivyo huzaa watoto wa kijani tupu. Anayetaka ukingo ubaki achimbe chipukizi pamoja na kipande cha shina la chini, akate kwa kisu kikali, aache kidonda kikauke siku mbili tatu, ndipo apande.