KABLA YA CHIPSI MAYAI: Msosi wa Kimwera Uliobaki Baada ya Pesa ya Mwingereza Kuyeyuka

Ukitaja Nachingwea, watu wanawaza korosho. Ukitaja Ruangwa, wanawaza Namungo FC. Ila kuna stori ya wilaya hizi mbili za Lindi ambayo haitrendi kabisa: stori ya sahani.

Mwaka 1947 Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika. Vita imeisha, kwao mafuta ya kula bado ni ya mgao. Zikachaguliwa sehemu tatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yakashushwa, bandari ikajengwa Mtwara, reli ikatandikwa mpaka Nachingwea. Hesabu ilikuwa ekari zaidi ya milioni 3. Januari 1951 mradi ukafutwa, hasara kama pauni milioni 36. Reli nayo ikaja kufungwa miaka ya 60.

Sasa cheki hii. Wakati matrekta yanahangaika na visiki, mama wa Kimwera alikuwa na jembe la mkono tu. Shamba moja, ndani yake mtama, mbaazi, kunde, njugu mawe, maboga na muhogo. Jua likiua kimoja, kingine kinasimama. Na hakuna aliyeuita mradi.

Mezani je? Ugali wa mtama au wa muhogo, pembeni kisamvu au majani ya kunde yaliyoungwa karanga. Siyo utamu tu. Mwili unahitaji mafuta ili ufyonze vitamini A iliyomo kwenye majani. Nyama ikikosekana, mbaazi na kunde zinajenga mwili. Bibi hakusomea lishe, ila aliipatia.

Halafu kuna ming'oko, mizizi ya porini. Unachimba, unachemsha, unamenya, unakula. Vita vya Maji Maji, 1905 mpaka 1907, Wamwera walikuwemo. Wajerumani wakachoma mashamba na maghala, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi kuliko risasi. Kipindi kama hicho, kujua nini kinalika porini ndiyo uhai wenyewe. Leo mtu anaona ming'oko stendi anacheka, eti chakula cha maskini.

Ujuzi huo haukuandikwa popote. Ulipita jikoni, shambani, na unyagoni. Ulipita kwenye sinia pia: watoto wanakula pamoja, mkubwa anaona nani hali vizuri leo, nani anaumwa. Siku hizi kila mtu na kimfuko chake cha chipsi, macho kwenye simu.

Tusidanganyane lakini, siyo kila cha kale dhahabu. Muhogo mchungu una sumu, lazima uandaliwe kwa siku kadhaa. Miaka ya mwanzo ya 2000, mkoa jirani wa Mtwara ulipata wagonjwa wa konzo, ugonjwa unaopooza miguu, watu walipokula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha. Na miiko ya kumkataza mjamzito mayai, eti mtoto atazaliwa hana nywele, iliwanyima kina mama chakula waliochokihitaji kuliko wote. Hiyo ife tu.

Ila kilichotupwa siyo miiko peke yake. Pesa ya korosho ikiingia, sembe nyeupe ndiyo heshima, soda ndiyo ukarimu, mtama unabaki wa pombe na kuku. Halafu presha na kisukari vikibisha hodi, daktari anakuandikia nini? Punguza mafuta na sukari, kula dona, mboga za majani na jamii ya kunde. Yaani unalipa hela ya kumuona daktari ili uambiwe urudi kwenye sahani ya bibi.

Mwingereza alikuja na mamilioni akaondoka mikono mitupu. Mbaazi na njugu mawe bado zipo sokoni Nachingwea. Tatizo siyo mbegu. Tatizo ni mikono inayojua kuzipika: bibi akiondoka bila kumfundisha mtu, anaondoka nayo.

Haya wadau, kwenu bibi alikuwa anapika nini ambacho wewe leo huwezi? Tupia hapo chini.