Siliaki: Jina la Tumbo, Kisa cha Ngano

Istilahi yaweza kutaja mahali pa ugonjwa ikaficha chanzo chake. Jina siliaki latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya tumbo. Mwaka 1888, Samuel Gee wa London alieleza hali ya watoto wenye maradhi hayo: miili hukonda na kimo hakiongezeki. Alitambua kuwa tiba imo katika chakula, asijue chakula kipi kinadhuru. Mwaka 1950, Willem Karel Dicke wa Uholanzi alionyesha katika tasnifu yake kuwa ni ngano. Ilipoondolewa, watoto walikua tena. Protini inayodhuru ni gluteni, nayo imo pia katika shayiri.

Somo hilo latuhusu nasi. Kule Migato, mkoani Simiyu, ugali wa mtama, mahindi au muhogo hauna gluteni. Maandazi na chapati vinayo. Mtoto wa siliaki akihesabiwa kuwa na utapiamlo tu, mzazi aweza kumwongezea maandazi yale yale yanayomdumaza. Basi fasili ya siliaki isiishie tumboni. Hapana budi itaje ngano na shayiri, ili mzazi ajue la kumwondolea mwanawe.