D.O. Misiani: Jazi ya Ziwani Isiyo na Tarumbeta

Msikilizaji mgeni aliyenunua santuri ya Shirati Jazz akitarajia tarumbeta, alitarajia bure. Bendi hiyo ya Daniel Owino Misiani, iliyovuma Kisumu na ufuo mzima wa Ziwa Victoria, ilikuwa bendi ya magita. Neno jazi lilitumiwa pia na bendi za dansi za Tanganyika, zilizopuliza tarumbeta na saksafoni. Vijana wa ziwani walilichukua jina, vyombo wakaviacha, na kazi ya tarumbeta wakaikabidhi gita.

Misiani alizaliwa Februari 22, 1940 karibu na Shirati, mkoani Mara, Tanzania, si mbali na mpaka wa Kenya. Alivuka mpaka huo akiwa kijana, na sehemu kubwa ya maisha yake ya usanii aliipitisha Kenya.

Ufundi wake ulikuwa katika kuchanganya. Waluo wana nyatiti, ala ya nyuzi nane ambayo mpigaji huidonoa kwa vidole huku pete ya chuma iliyo katika kidole gumba cha mguu ikigonga mbao kushika mdundo. Udonoaji huo ulihamishiwa kwenye gita la umeme, ukakutana na rumba ya Kongo iliyotawala mabaa ya wakati huo. Gita la kwanza humjibu mwimbaji neno kwa neno. Anaponyamaza, magita hukimbizana na besi ikirukaruka chini yake. Mtindo huo ndio benga. Wengi humwita Misiani baba yake, cheo ambacho kwa haki angegawana na wenzake, maana John Ogara na George Ramogi pia walikuwa wakipiga muziki huo miaka ya 1960.

Katika miaka ya 1970 santuri za benga zilizotolewa na mfanyabiashara Phares Oluoch Kanindo, ambaye pia alikuwa mbunge, zilifika hadi Zimbabwe, ambako muziki huo uliitwa kwa jina lake, kanindo. Mwaka 1987 Shirati Jazz walizuru Uingereza, na albamu ya Benga Blast! ikafuata mwaka 1989.

Hata hivyo, kilichomponza Misiani hakikuwa gita bali maneno. Aliimba siasa kwa mafumbo, hekaya za wanyama na visa vya Biblia, hivi kwamba hata Mjaluo aliyezaliwa mjini alihitaji mzee wa kumfasiria. Wakuu wa serikali, kwa upande wao, walielewa bila mkalimani. Alitiwa kizuizini zaidi ya mara moja, na kwa mtu aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka, kila wimbo wa namna hiyo ulikuwa hatari maradufu. Hakuacha kuimba.

Alifariki Mei 17, 2006 katika ajali ya barabarani mjini Kisumu, akiwa na umri wa miaka 66.