Higgs: kikomo cha 91, kipimo cha 125

Wandugu, mimi ni mtu wa mahindi na mihogo, lakini historia hii inanishika. Mwaka 1964 shaba ya Kolwezi ilikuwa bado mikononi mwa Union Minière, kampuni yenye makao Bruxelles. Mwaka uleule, pale Université Libre de Bruxelles, Robert Brout na François Englert waliandika namna chembe ndogo zinavyopata uzito. Peter Higgs naye alifanya vile kule Edinburgh. Ila uzito wa bozoni yenyewe, nadharia yao haikuutaja.

Supasimetria njo ilisubutu. Inasema kila chembe ina mwenzake (mpaka leo hakuna mwenzake hata mmoja aliyeonekana). Katika umbo lake dogo kabisa, nguvu inayofunga Higgs na Higgs haichaguliwi ovyo, inatoka kwa nguvu zingine zilizokwisha kupimwa. Kwa hiyo hesabu ya kwanza iliweka kikomo: Higgs iliyo nyepesi haipite bozoni Z, yaani GeV 91. Protoni moja ni karibu GeV 1.

Kwetu hapa, ukipeleka mfuko wa madini kwa mnunuzi, mizani inasoma jiwe pamoja na maji yake. Higgs nayo haipimwi kavu. Chembe zingine zinatokea na kupotea pembeni yake, na zinaongeza uzito. Mwaka 1991 makundi matatu, moja la Japani, moja la Marekani, moja la CERN, yalihesabu "maji" hayo. Mchango mkubwa ni wa kwarki topu na mwenzake. Nyongeza katika mraba wa uzito inafuata uzito wa topu uliozidishwa wenyewe mara nne: topu ikiwa mara 2, nyongeza inakuwa mara 16! Kikomo kikapanda hadi karibu 135.

Kumbe ilikuwa kwa wakati wake. Topu ilipatikana Fermilab mwaka 1995, nzito kweli, karibu GeV 173. Mashine ya LEP ilifungwa mwaka 2000 bila kuona Higgs ya kawaida chini ya 114. Tarehe 4 Julai 2012 CERN ikatangaza: karibu 125.

Wengine wanasema ni ushindi wa supasimetria. Mimi nasema nusu. Hesabu ilifanywa mbele ya kipimo, hapo naiheshimu. Lakini kwa kufika 125, mwenzake wa topu anatakiwa awe mzito sana, mara nyingi kupita GeV 1000. Na supasimetria ilipendwa sababu wale wenzake wangefuta michango mikubwa inayosukuma uzito wa Higgs juu. Wakiwa wazito hivyo, hawafuti vizuri, na lazima namba zirekebishwe kwa mkono mpaka zikubaliane. LHC bado inawatafuta.