Mwanga wa Momella na nyuso zetu

Wiki hii nazungumzia jambo ambalo sote tunalitazama bila kuliona: mwanga ndani ya sinema.

Wazee wa Arusha wanaikumbuka habari ya "Hatari!". Mwishoni mwa 1960 mwongozaji wa Kimarekani, Howard Hawks, aliingia Tanganyika na kundi lake, akiwemo mwigizaji John Wayne na mpiga picha Russell Harlan. Walifanya kazi hadi mapema 1961, huko Momella chini ya Mlima Meru na katika mbuga za jirani. Sinema ikatoka 1962, nchi ikiwa imekwisha kupata Uhuru, na Harlan akapendekezwa kwa tuzo ya Oscar.

Sifa hiyo haikuja kwa mchezo. Arusha iko karibu digrii tatu na nusu kusini ya Ikweta. Saa sita mchana jua husimama karibu na utosi; macho ya mtu yakageuka mashimo, na ukingo wa kofia ukameza nusu ya uso. Fundi ana dawa zake: kupiga picha asubuhi na alasiri, kurudisha mwanga usoni kwa ubao mweupe, au kuwasha taa kali mchana kweupe. Tena Meru hujitanda mawingu ghafla. Mazungumzo yaliyoanzia juani yakiishia kivulini, mtazamaji hushtuka. Studio huko Hollywood hawana shida hiyo, kwani jua lao huwashwa kwa swichi.

Je, somo hilo alibaki nalo nani? Katika sinema ile Mwafrika yuko pembeni. Wala haikuwa mara ya kwanza. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza walitengeneza filamu 35 za kuwafundisha Waafrika. Mwaka 1952 Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, aliigiza katika "Muhogo Mchungu". Mbele ya kamera alikuwa mwenzetu; kampuni iliyoitengeneza ilitoka Afrika Kusini.

Kuna jambo zito zaidi. Kwa miaka mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi ya Kodak yenye sura ya mwanamke wa Kizungu. Ngozi yake ndiyo ikawa kipimo cha dunia nzima. Sisi tukatoka weusi tii, macho na meno tu. Aibu ikawa yetu, kumbe kosa lilikuwa la kipimo.

Leo vijana wa Arusha wana kamera mifukoni, na kipimo kiko mikononi mwao. Pima mwanga kwa uso wa mtu, usipime kwa shati lake jeupe. Mpeleke kivulini au karibu na dirisha, mwanga umjie kwa ubavuni. Weka kanga nyeupe upande wa pili ilainishe kivuli. Taa ndogo nyuma yake itamtenganisha na ukuta. Hayo hayahitaji fedha za Hollywood. Yanahitaji kujifunza, kukosea na kurudia.

Waliotangulia walipigwa picha na wengine. Wa leo asiyejua mwanga atashika kamera yake mwenyewe, na bado atazipoteza nyuso za wazazi wake gizani. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa.