Usafi wa Nairobi na Mipaka Yake

Mwaka 1944 baraza la manispaa ya Nairobi lilichukua usimamizi wa hospitali ya uzazi ya Pumwani, iliyofunguliwa mwaka 1926 kwa jina la Lady Grigg, mke wa gavana. Naamini baraza lile halikufanya jambo jema kuliko hilo katika afya ya wakazi wake. Kwa miaka mingi lilikuwa limewatazama Waafrika wa mji kama chanzo cha maradhi. Pumwani fedha zake zilimfikia mama mjamzito wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa mji, akajifungulia mikononi mwa mkunga aliyefunzwa kazi.

Mtazamo ule wa kwanza ulizaliwa na woga. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli penye ardhi ya majimaji kando ya mto, na mwaka 1902 tauni ikazuka katika bazaa ya Wahindi. Amri ikatolewa bazaa ichomwe moto. Mwaka 1913 akaja Profesa W. J. Simpson kutoka Uingereza kuchunguza usafi wa miji, na ushauri wake ukawa kwamba Wazungu, Waasia na Waafrika wakae kila jamii mahali pake. Panya na viroboto hawasomi ramani. Hata hivyo, mpango wa mji ulifuata njia hiyo, na Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 1921 ikayapa mabaraza nguvu kubwa: bwana afya aliweza kuingia nyumbani mwa mtu, kukagua choo na kisima, na kuanzisha shauri lililoishia kwa nyumba kubomolewa.

Pangani ilionja makali ya utaratibu huo. Kilikuwa kijiji kikongwe cha nyumba za udongo, chenye Waislamu wengi waliozungumza Kiswahili, na miongoni mwa wenye nyumba walikuwapo wanawake waliojenga kwa jasho lao. Kilihesabiwa kuwa kichafu, na kufikia mwaka 1939 kilikuwa kimevunjwa, wakazi wakielekezwa Shauri Moyo na Pumwani. Baraza lingeweza kuingiza mabomba na kuchimba mitaro Pangani kama lilivyofanya mitaa ya wakubwa. Lilichagua kubomoa, na mtu aliyekuwa na mlango wake mwenyewe akageuka mpangaji.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia fikra zilianza kubadilika. Ernest Vasey, aliyekuwa meya katika miaka ya 1940, alitetea nyumba za kukaa Mwafrika pamoja na familia yake, wakati ambapo wengi bado walimchukulia kama kibarua wa kulala mjini kwa muda tu. Hoja hiyo ilikuwa ya afya pia. Wanaume wanapobanana katika chumba kimoja, kifua kikuu kinapita kutoka kitanda hadi kitanda. Dawa peke yake haitoshi pale ambapo hewa haina pa kupita. Ndipo ikajengwa Kaloleni, nyumba za mawe zenye nafasi ya bustani, na ukumbi ambao baadaye ulijaa mikutano ya siasa.

Maji yalikuwa shida nyingine. Sensa ya 1948 ilihesabu watu karibu 119,000, na chemchemi za Kikuyu zilikuwa zimezidiwa zamani. Baraza, lililopata hadhi ya jiji mwezi Machi 1950, lilitegemea Ruiru, kisha mwaka 1956 likapata maji ya bwawa la Sasumua, kule Nyandarua, yanayoteremka kwa mwinamo wa ardhi. Hiyo ni kazi ya uhandisi inayostahili heshima, na Nairobi ingali inaitegemea.

Lakini bomba lilifuata ramani ileile. Magharibi mwa jiji maji yaliingia jikoni na bafuni. Mitaa mingi ya Eastlands ilipewa mfereji wa pamoja na vyoo vya pamoja. Bonde la Mathare, lililo karibu na Pumwani, halikuhesabiwa kuwa mtaa halali, na vibanda vyake vilibomolewa wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Baada ya uhuru watu walirudi kwa maelfu, mabaraza mapya yakaendelea kusita kulaza mabomba mahali ambapo hati hazikuwapo, na wanawake wa Mathare wakawa wananunua maji kwa mtungi, kwa bei iliyozidi ile ya mwenye mfereji nyumbani.