Maaskari Wazee wa Kibra na Mji Usiotaka Wazee

Nairobi haikujengwa kwa ajili ya watu kuzeeka ndani yake. Reli ilipofika mwaka 1899 ilihitaji mikono, na kwa miaka mingi serikali ya kikoloni ilimchukulia Mwafrika mjini kuwa kijana wa kiume asiye na mke wala mzazi wa kumtunza. Mshahara ulipimwa kwa tumbo moja. Kuanzia 1920 mwanamume wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kutembea na kipande, ambacho wengi walikivaa shingoni ndani ya kijikasha cha bati, mwajiri akiandika humo siku ya kuanza kazi, siku ya kuacha na kiwango cha malipo. Nguvu zikimwishia, alirudi rizavu, eneo la kijijini walilotengewa Waafrika, akalishwe na jamaa. Kwa hiyo jembe la mama kijijini ndilo lililolipa pensheni ya mfanyakazi wa Nairobi.

Kundi moja halikuwa na rizavu ya kurudi. Hao ni maaskari wa Kisudani, mababu wa Wanubi wa leo, waliopitia Uganda hadi wakaingia katika King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902. Badala ya kuwapa pensheni au kuwarudisha kwao, jeshi liliwaweka katika msitu wa Kibra, kusini-magharibi mwa mji. Mwaka 1918 eneo la takriban ekari 4,198 likatangazwa rasmi kwenye gazeti la serikali. Askari aliyetimiza miaka 12 ya utumishi alipewa pasi ya shamba, akajenga na kulima. Hayo ndiyo matunzo ya uzeeni waliyopewa Waafrika hao na serikali jijini. Lakini pasi haikuwa hati miliki. Mbele ya sheria mzee yule alikuwa mpangaji tu kwenye ardhi ya Taji la Uingereza, wa kuondolewa serikali itakapopenda.

Mwaka uliofuata, 1919, maaskari wastaafu wa Kizungu wa Vita vya Kwanza vya Dunia waligawiwa mashamba ya nyanda za juu kwa bahati nasibu iliyochezwa Theatre Royal, jengo ambalo baadaye lilikuwa sinema ya Cameo kwenye barabara ya Kenyatta. Walimilikishwa kwa miaka 999. Vita vilikuwa vile vile. Kwenye barabara hiyo hiyo ilisimamishwa mwaka 1928 sanamu ya maaskari na wapagazi wa Kiafrika, na mwaka huo huo Kibra ikatolewa mikononi mwa jeshi na kuwekwa chini ya utawala wa kiraia. Sanamu ilikuwa ya kuwaenzi. Utawala mpya nao ulianza kuwatafutia pa kuwahamishia.

Hawakuhama, ila ardhi ilimegwa. Woodley ilijengwa juu yake, na baada ya uhuru zikafuata nyumba za serikali za Jamhuri, Olympic na Ayany. Mwaka 2017 jamii ya Wanubi ilipokabidhiwa hati ya pamoja, ilikuwa ya ekari 288. Wazee wa Makina na Lindi walioizeekea kesi ya kudai ardhi hiyo walipata chini ya sehemu moja kwa kumi ya kilichotangazwa 1918, na wengi waliianza wakafa kabla ya kuiona.

Tofauti ya uzee inaonekana zaidi ukivuka Ngong Road. Mstaafu wa Lavington au Kileleshwa mwenye hati ya nusu ekari anaweza kuuza kiwanja kwa mjenzi wa ghorofa akaishi bila wasiwasi. Jirani yake wa Kibra au Kawangware, aliyefanya kazi kwenye bustani ya huyo huyo, hana cha kuuza. Heshima anapewa, lakini heshima hailipi kodi ya nyumba. NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, iliundwa mwaka 1965, nayo iliwahusu hasa walioajiriwa rasmi. Hata hao, hadi 2023 mchango wa kawaida ulikuwa shilingi 200 za mfanyakazi na 200 za mwajiri kwa mwezi. Mama muuza mboga na fundi wa jua kali walibaki nje.

Uingereza, iliyowanyima pensheni maaskari wa Kibra, ilianza kuwalipa wazee wake maskini wa miaka 70 mwaka 1909. Kenya ilifikia malipo ya wote waliofika umri huo wasio na pensheni ya serikali kupitia mpango wa Inua Jamii mwaka 2018: shilingi 2,000 kwa mwezi, ambazo mara nyingi huchelewa. Sharti la kwanza ni kitambulisho, na Wanubi kwa miaka mingi walisailiwa na kamati maalumu kabla ya kupewa. Mjukuu wa askari aliyelinda himaya alilazimika kuthibitisha kwamba ni Mkenya.

Katiba ya 2010 inasema mzee ni mtu aliyezidi miaka 60, na kifungu cha 57 kinaitaka serikali imtunze. Fedha zinamsubiri hadi 70. Bunge liifute miaka hiyo kumi.